Kiumbe Ghali Asiyekwenda Vitani

Mchezo wa Magic: The Gathering ulipoanza mwaka 1993, kadi ilikuwa karatasi na wino, na joka lilitisha bila kumetameta. Mwaka 1999 zikaanza kuchanganywa kadi za foili, zenye utando wa kung'aa, kwenye pakiti za kawaida. Tangu hapo sisi wakusanyaji hatuna raha.

Chukua Llanowar Elves. Kiumbe mdogo, nguvu 1, ustahimilivu 1, kazi yake kukupa mana moja ya kijani, yaani nishati ya uchawi, kisha afe. Kadi ya kawaida ni senti chache. Ila ile ya foili ya toleo la saba, mwaka 2001, yenye ukingo mweusi wakati zisizong'aa zina ukingo mweupe, ukitajiwa bei unaomba kiti. Na mezani bado ni 1 kwa 1! Akikutana na joka anakufa vilevile, ila huyu anakufa na pesa zako.

Hilo ningelimeza. Kinachonikera ni kupinda. Karatasi hunywa unyevu, ule utando wa kung'aa haunywi. Huku Minnesota, kiangazi kikileta fukuto, karatasi inatanuka, utando umegoma, kadi inakuwa bakuli. Baridi ikija, hita inakausha nyumba nzima, karatasi inasinyaa, na kadi zilezile zinabinukia upande wa pili. Nina albamu inayojifungua yenyewe.

Ndiyo maana viatu vipya vikiingia nyumbani, wa kwanza kufungua boksi ni mimi. Natafuta kile kipakiti cha punje za kunyonya unyevu, kilichoandikwa kisiliwe. Vipakiti hivyo navihifadhi kwenye kopo. Kwa bahati mbaya, lilikuwa kopo la majani ya chai.

Mashindanoni nako usithubutu. Kadi iliyopinda inajulikana kabla haijavutwa, na mwamuzi anaweza kusema imetiwa alama. Basi kiumbe wangu anashinda chini ya kamusi, akinyooshwa.

Na sasa hata fahari haipo. Pakiti za kuchezea zilizoanza mwaka 2024 zina kadi 14, na angalau moja lazima ing'ae. Watoto wanazisukuma pembeni bila hata kuzitazama.

"Baba Asha," mke wangu aliniuliza, kopo mkononi, "hiyo kadi ya foili inafanya nini ambacho ile ya kawaida haifanyi?"

"Inang'aa."

"Hata sufuria zangu zinang'aa. Lakini zinapika."