Mfalme wa Kaunta

Kijana wa saiba, hatua chache kutoka Barabara ya Uganda hapa Eldoret, ana programu inayotawala kompyuta zote za duka. Dakika zako zikiisha, skrini inajifunga papo hapo, hata kama ni tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani za kodi za KRA, na kidole chako kimebakisha kubonyeza mara moja tu.

"Mzee wangu, ongeza kumi," ananiambia bila kuinua macho kwenye simu.

Sina ugomvi na wavumbuzi wa programu za kufuatilia kompyuta kwa mbali. Mwaka 1983 Mmarekani Mike Muuss aliandika, kwa jioni moja tu, programu ndogo aliyoiita ping, kutokana na mlio wa sona inayotafuta vitu majini. Kazi yake ni kuuliza kompyuta ya mbali: hodi, mko hai? Mwaka 1988 ikaja SNMP, lugha ya kumwezesha mtu mmoja kuuliza hali ya mitambo mingi ya mtandao bila kuondoka kitini. Kijana wetu ameshika vizuri hapo pa kutoondoka kitini.

Programu yake inajua sekunde iliyoniishia. Haijui kwamba printa haina karatasi tangu asubuhi.

Nikaongeza kumi. Stima ikapotea. Mtawala na watawaliwa wakazimika pamoja, na kijana, bila haya, akachomoa daftari la shule chini ya kaunta, akalamba ncha ya penseli, akaandika: "Mzee wa kona, anadai dakika 9."