Utulivu wa Bure

Wazungu wana shida kweli. Wanamlipa mwalimu awafundishe kuzima taa, kunyamaza na kuutazama mwezi hadi roho itulie. Sisi wa Kalemie tunazimiwa. Mama yuko katikati ya kusonga bukari, giza puu! Mtaa mzima unatoka nje na kuinua macho. Friji imenyamaza, na samaki aliye ndani yake anajifunza kuachilia mambo.

Wavuvi wa dagaa wamebarikiwa zaidi. Mbalamwezi ikitanda juu ya Ziwa Tanganyika, dagaa hawazifuati taa za mitumbwi, basi wanaume wanabaki ufukweni wakitafakari, na sufuria nyumbani zinatafakari nao. Mkunga anampokea mtoto kwa tochi ya simu, moyo shwari. Hata mto Kiymbi, unaozungusha mitambo ya umeme wetu kule Bendera, unaporomoka usiku kucha bila kujali nani anapata nini. Hiyo ndiyo hekima.

Wa kuhurumiwa ni wakubwa wenye jenereta: kelele tupu, mwezi hawauoni. Tunawaomba wasihangaike na nguzo mpya kwa ajili yetu. Fakitire za umeme tu ziendelee kuja. Hizo hazijawahi kukatika.