Sifa za Kompyuta Iliyofukuzwa Kazi

Kiswahili kimewasifu wengi: wafalme, maharusi, majahazi, timu za mpira, hata mnazi. Sijapata kusikia mtu akiisifu kompyuta ya mezani ya mtumba, ile iliyomaliza ujana wake katika ofisi fulani ya Ulaya, ikaingia kwenye kontena, ikauzwa Arusha, ikapanda ukuta wa Bonde la Ufa ndani ya buti la basi, ikamalizia safari kwa bodaboda kwenye vumbi la kutoka Karatu, na sasa imekaa sebuleni Oldeani ikidaiwa iendeshe gemu. Dhuluma hii imetosha.

Ninayemsifu ana jina. Ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, yenye prosesa ya Intel Core i5-3470 ya kori nne, au binamu yake wa rika lilelile, HP Compaq Elite 8300. Alizaliwa kwa ajili ya ankara, barua za likizo na majedwali ya mishahara. Windows 11 haimtaki, kwa kuwa inadai prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda mbele na yeye ni wa kizazi cha tatu. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Huko kwao, basi, amefukuzwa kazi kwa barua. Oldeani ndiyo kwanza anaajiriwa, tena kwa kazi ngumu kuliko ile ya kwanza.

Nianze na kiasi chake. Dunia imejaa tamaa. Mwaka 2022 ilitoka kadi ya grafiki ya RTX 4090, kwa dola 1,599, inayokula wati 450 peke yake. Pawa saplai ya OptiPlex ninayemsifu inatoa wati 275 kwa mwili mzima, na ile ya kesi nyembamba inatoa 240. Sloti ya kadi haitoi zaidi ya wati 75, na waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa haupo. Hapo tamaa yote inakatwa. Hata kadi zilizomwagika sokoni baada ya Septemba 2022, wachimbaji wa sarafu ya Ethereum walipokosa kazi ya kuzifanyia, nyingi hazikufai: RX 580, kwa mfano, inataka wati 185 na waya wake mwenyewe. Zinabaki chache za kuchagua, GTX 1050 Ti na GTX 1650, zote za memori ya GB 4 na wati 75, au GT 1030 kwa mwenye mfuko mwepesi kabisa. Mtu mwenye pesa hukesha akilinganisha kadi hamsini. Sisi tunalala mapema.

(Na huyo GT 1030 ana pacha. Mmoja ana memori ya GDDR5, mwingine ya DDR4, jina moja, na wa pili ni mzito mno. Muuzaji atakwambia ni kitu kilekile. Geuza boksi usome.)

Naisifu pia historia anayokuja nayo. Anafika na stika ya mali ya ofisi ambayo haibanduki kwa kucha, wala kwa mafuta ya taa. Mara nyingine anafika na kibodi ya Kijerumani. Wajerumani walilima kahawa katika miteremko hii ya Oldeani kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mashamba ya kahawa bado yapo. Kizazi cha leo kimewapata upya kupitia herufi Z na Y, ambazo kwenye kibodi yao zimebadilishana viti. Kijana anaandika barua ya kuomba "kayi" na anashangaa kwa nini hajibiwi. Lakini kwa gemu kibodi hiyo haina dosari: W, A, S na D, vitufe vinavyomtembeza mchezaji, viko palepale. Ya Kifaransa ndiyo ingekuwa msiba, kwani A yao imekaa kwenye Q na W imeshushwa chini kwenye Z. Tumshukuru Mungu kwamba waliokuja kulima Oldeani hawakuwa Wafaransa.

Hakuna kifaa kingine chenye haya kama hiki. Ukimfungua mfuniko, ukirudisha na kumwasha, anakataa kuendelea mpaka atoe malalamiko kwenye skrini kwamba amefunuliwa, na hatulii mpaka umbonyezee F1. Betri yake ndogo ya CR2032, kama ya saa, ikiisha, kila umeme ukikatika anasahau mwaka. Anaamka akiamini tuko enzi nyingine, na kwa imani hiyo tovuti zinamkatalia kuingia kwa sababu hati zao za usalama, kwa kalenda yake, bado hazijaanza kutumika. Betri mpya inapatikana kwa fundi saa kwa bei ya soda. Wapo wasioinunua makusudi. Nawaelewa, kuna miaka ambayo hata mimi ningependa kuirudia kila umeme ukikatika.

Na usafi! Gari likipita kiangazi linaacha pazia jekundu, na feni inavuta pazia hilo lote ndani. Unachomoa waya, unabonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, unafungua. Vumbi limelala juu ya kipoozeo cha prosesa limeshonana mithili ya blanketi. Unachukua pampu ya baiskeli na kuupuliza mlima wa Oldeani utoke ndani ya mashine, huku kidole kimezuia mapanga ya feni yasizunguke ovyo. Kisha RAM: unaitoa, unasugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli wa mdogo wako wa darasa la nne, taratibu, upande huu na upande ule, unapuliza, unarudisha, unakandamiza mpaka vibanio viseme "ka" pande zote mbili. Taa ya chungwa iliyokuwa ikipepesa inaacha. Sijaona furaha ya namna hiyo kwa mtu aliyenunua kompyuta mpya dukani. Yeye ana gemu tu. Sisi tuna kompyuta.

Baridi ya Juni na Julai ni mchango wa mlima. Wenzetu wa Dar es Salaam wananunua feni za taa za rangi. Oldeani unafungua dirisha, na prosesa inapoa kuliko miguu yako.

Matengenezo yake yanafuata kalenda ya wageni. Kijana anayebeba mizigo kwenye hoteli za kitalii anajua: tipu za Julai ni RAM, mbilimbili ili zifanye kazi kwa jozi, tipu za Februari, watalii wanapokwenda kuona nyumbu wakizaa Ndutu, ni diski ya SSD, na kuwaka kwa mashine kunashuka kutoka muda wa kuchemsha chai hadi muda wa kuimimina. Aprili na Mei mvua za masika zinanyesha, vyumba vitupu, kompyuta haipati kitu. Hata gemu zinasafiri kwa basi: GTA V iliingia kwenye kompyuta mwaka 2015 ikidai nafasi ya GB 65, na hakuna bando la simu linalostahili adhabu hiyo. Inakuja kwenye diski ya nje kutoka Arusha. Ilikotoka kabla ya hapo tusiulizane.

Ikishafika, inacheza. PES 2013 inateleza, GTA: San Andreas haijui hata kama kuna kadi. GTA V nayo inakwenda ukiingia kwenye mipangilio na kupunguza vivuli na nyasi. Katika wilaya yenye wafugaji kama Karatu, hapo ndipo mahali pekee ambapo mtu hupunguza nyasi na vivuli kwa hiari yake.

Tusisahau kwamba kifaa hiki kiliwahi kuiogofya dola. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na runinga nchini. Siku hizi inaingia kila nyumba kwa kibali cha neno moja, "masomo". Hakuna kompyuta ya gemu Oldeani iliyonunuliwa kwa ajili ya gemu.

"Mwanangu, hiyo kadi uliyoongeza ni ya somo gani?"

"Jiografia, baba. Ramani zinahitaji nguvu."

Baba anatazama gari jekundu likiruka daraja. Anauliza huo ni mji gani. Anajibiwa. Anavuta kiti.

Basi ukienda Arusha kumtafuta, mwambie muuzaji amwashe mbele yako na amwache akiwaka nusu saa, sikiliza feni, fungua mfuniko uone kama kapasita hazijavimba, na chagua kesi pana. Ile nyembamba kadi ndefu haiingii, mwachie karani.