Ua Lina Cheti, Babu Hana

Kosa langu mimi ni kujua kusoma. Kwenye kikao cha ukoo, hapa kwetu milimani Lushoto, kila mwenye akili zake alikuja na udhuru: huyu mgongo, yule mkopo, yule mwingine mke. Lilipopita azimio la kuliwekea kaburi la babu kibao, macho yote yakanigeukia. "Wewe ndiye mwandishi wetu," wakasema, na mjinga mimi nikadhani nimepewa heshima.

Fundi wa vibao sokoni ana maswali mawili tu. La jina nilijibu. "Kuzaliwa?" akauliza. Nikakohoa. Akachomeka kalamu nyuma ya sikio, akahamia kwa wateja ambao marehemu wao wana tarehe.

Nikaenda ofisi ya vizazi na vifo. Baada ya foleni ya kutosha kuchemsha maharage, kijana wa dirishani akaniambia nilete cheti cha kuzaliwa cha marehemu. Nikamwambia hicho ndicho kilichonileta.

"Basi lete cha ubatizo, mzee. Au cha kliniki. Au cha shule."

Babu alikuwa Mwislamu. Kliniki yake ilikuwa mkunga na wembe, na shule yake ilikuwa mbuzi wa baba yake. Kijana akachukua kikaratasi, akaandika jina la babu, na chini yake: "Nyaraka hazijakamilika." Nimekitunza. Ndicho kikaratasi cha kwanza cha serikali chenye jina la babu nilichowahi kukiona.

Rafiki yangu mmoja, wale wa kutoa ushauri bure, akasema nitafute kwenye sensa. Nikamwuliza ipi: ya 1948, ya 1957, au hii ya Agosti 23, 2022, tulipohesabiwa watu 61,741,120? Humo hata mimi nimo, lakini hebu nionyeshe. Sensa ni pilau la shughuli: unaona sufuria limejaa, huwezi kuuliza punje yako iko wapi. Wanakupa jumla, jina wanalifungia, na sheria iko upande wao.

Kumbe sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ipo tangu 1920. Waingereza waliitunga, kisha Mwafrika wakamwachia hiari yake. Nani ateremke mlima na kichanga mgongoni akamwonyeshe karani, wakati hakuna anayemfukuza? Kodi ndiyo haikuwa na hiari. Hiyo ilikufuata hadi jikoni.

Wajerumani waliowatangulia ndio wanaoniuma zaidi, maana wale walipenda kuandika. Lushoto yenyewe waliiandika Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao. Lile ua dogo la zambarau linaloota miambani humu Usambara, bwana mmoja wa serikali yao, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao Ujerumani, na mwaka 1893 likaandikishwa rasmi kwa jina la Kilatini: Saintpaulia. Kule Amani, upande wa mashariki, walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902, na miti waliyopanda wakaipa namba na tarehe za kupandwa. Ua lina jina na mwaka. Mti una namba. Babu yangu, mtu mzima na meno yake, hana.

Nikamwendea shangazi. Nilimkuta anachoma mahindi, moshi wote unanifuata mimi.

"Tarehe ya nini?" akasema, akiligeuza hindi kwa vidole vitupu. "Baba alizaliwa baba yake yuko kipandeni."

Nikaacha kukohoa. Kipande kilianzia hukuhuku kwetu, mwaka 1907. Kila mwanamume alipewa kadi, akatakiwa amfanyie kazi mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa, na siku zikitiwa alama mojamoja. Kwa hiyo alikuwepo mahali Mjerumani aliyejua baba wa babu amebakiza siku ngapi kwenye kahawa. Kwamba nyumbani amezaliwa mtoto, hilo halikuwa na nafasi kwenye kadi.

Nilikuwa nakaribia kumshukuru shangazi, akaniuliza cheti changu kinasemaje. Nikamwambia: Julai mosi. Alicheka hadi hindi likaungua.

"Julai kakupa mwalimu wako! Wewe umezaliwa vuli. Mama yako aliteleza kwenye tuta anatoka kuchimba viazi, jioni ukaja. Huo utelezi ungekuwepo Julai?"

Yaani nimestaafu kwa Julai ya mwalimu. Miaka yote hii napongezwa ndani ya baridi ya Lushoto, meno yanagongana, kumbe siku yenyewe bado.

Nikarudi kwa fundi. Nikamwambia andika: Alizaliwa wakati wa kipande. Akahesabu kwa kidole, herufi moja moja, akanikumbusha kwamba mwaka ungekuwa tarakimu nne tu na yeye hutoza kwa herufi. Nikalipa. Kibao kimesimama, wajukuu wanapiga picha, ukoo umefurahi.

Pesa yangu sijarudishiwa. Mweka hazina wa ukoo, binamu yangu wa damu, anasema bila risiti hawezi. Na fundi, nimemrudia mara mbili, anasema yeye huandika mawe tu, karatasi haandiki.