Nani Amekwenda Bombani?

Mama wa Gatwekera, Kibera, akimwambia kifungua mimba wake "pika chai" na wa pili "mwogeshe mtoto", kila mmoja anaweza kubeba mtungi wake wa lita 20 akanunue maji. Hakuna aliyekosea. Chai inataka maji, mtoto anataka maji, na waliotumwa wametii. Ila hawakuulizana, na sasa chumba cha futi 10 kwa 10 kina mitungi miwili mlangoni na pesa ya sukari imekwisha. Vijana wa Kibera na Kawangware wanaoandika programu wamekua na hesabu hiyo, halafu wanaketi mbele ya kompyuta na kuivuruga upya: ndani ya kazi moja ya kujenga programu, wanaiita nyingine. Mimi nasema kazi isiite kazi. Itaje inachohitaji, kisha zana yenyewe ipange nani aende bombani, na aende mara moja.

Zana zenyewe zinatoa ushahidi. Stuart Feldman alipoandika Make, zana ya kujenga programu, huko Bell Labs mwaka 1976, alimtaka mtumiaji aseme tu: hiki kinategemea kile. Make huchora mpango, hutazama faili lipi limebadilika karibuni, na kilicho tayari hakiguswi. (Ni Feldman huyohuyo aliyeamua kila amri ianze kwa tabo, akaona imeleta usumbufu, akaiacha kwa kuwa tayari alikuwa na watumiaji kama dazani moja. Aliyeona njia ya Kawangware ikikikwepa kioski kilichotangulia atamwelewa.) Watu wakaanza hata hivyo kuita Make ndani ya Make, folda moja ikiamsha nyingine, hadi Peter Miller akaandika makala mwaka 1998 kuonyesha kwamba kila Make ya ndani huona kipande tu cha mpango, hivyo hujenga kupita kiasi au hupunguza. Ant, zana nyingine ya aina hiyo iliyotoka mwaka 2000, ina amri ya antcall, na hapo mchekeshaji hana kazi ya kuongeza chochote: kazi iliyoitwa huanza pamoja na vyote inavyovitegemea, hata kama vimeshafanywa, na thamani ilizoziweka hazimrudii aliyeiita. Yaani mtoto ametumwa dukani tena kwa unga uleule, na chenji haionekani.

Nitaambiwa kompyuta ni za kasi, kurudia kunamgharimu nani? Kunamgharimu mwenye bando. Kazi ya kupakua vifurushi ikirudiwa bila nakala kuwekwa akiba, inavivuta vilevile kutoka intaneti upya, na stima ya tokeni inahesabiwa wakati huohuo. Tena kurudia si hasara ya muda tu. Weka kazi ya kufuta folda kuukuu chini ya kazi mbili, kisha ziite zote mbili kwa antcall: ya pili itafagia kilichojengwa na ya kwanza, na skrini itaandika kwamba kila kitu kimefaulu. Kimefaulu kweli. Sakafu inang'aa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba wakati mwingine kurudia ndiko kunakotakiwa: kazi ileile, mara moja kwa simu ya bei nafuu, mara nyingine kwa kompyuta. Hilo nalikubali, na Jim Weirich aliliona alipotengeneza zana yake, Rake. Ukiita kazi kwa invoke, inaendeshwa mara moja tu hata ikiitwa na kumi. Ukitumia execute, inaendeshwa kila mara unapoiita. Wanaoanza huipenda execute kwa sababu ni tiifu. Wasichokisoma ni kwamba execute haitazami chochote ambacho kazi hiyo inakitegemea: haendi mtu bombani kabisa, sufuria inabandikwa kavu, na jiko limeshawashwa.