Sifa za Lori Lililorudi

Ndege ikigeuza angani kwa sababu mizigo imepangwa vibaya, magazeti huandika. Lori likirudishwa kutoka Kikorongo kwa kosa lilelile, halipati hata mstari mmoja. Huo ni uonevu. Niacheni mimi, niliyelisubiri Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, hadi siku ya soko ikanipita, nilitolee sifa zake.

Kwanza, ni mwalimu. Kabla yake, sisi wafanyabiashara wa huku tuliamini uzito ni uzito tu. Lori likatufunza kwamba uzito una mahali pake. Jumla yake haikufika tani 18, ambazo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaliruhusu lori la ekseli mbili. Hapo halikukosea kitu. Ila simenti ya Hima yote ilirundikwa nyuma, na magodoro yangu yakapewa heshima ya kukaa jirani na dereva. Mizani ikasema ekseli ya nyuma imepita tani 10. Rudi Kasese! Tangu siku hiyo, muuza chapati wa hapa mpakani anakutajia kikomo cha ekseli huku anapasua yai. Vijana wanaosukuma baiskeli za mizigo kwenda Kasindi wanabishania kitovu cha uzito. Hata tembo wa mbuga ya Queen Elizabeth hawakukosa somo: pua ya lori ilivyoinuka, taa ziliacha lami zikawamulika wao masikio. Chuo kikuu gani kimewahi kufundisha wanafunzi wa aina hiyo bila ada?

Tena ni pole, lilirudi bila kubisha. Na linaunga undugu, maana nililala kwa shemeji.

Nikampigia msimamizi wa upakiaji nimpe hongera. Akanijibu, "Mzee, muko na haraka ya nini? Gari si limerudi salama?"

Salama! Turubai limefungwa upande mmoja, magodoro yamelowa, mteja wangu wa Beni kanunua kwa mwingine, na huyu ananiuliza haraka! Na msiniambie ni makuli. Kuli analipwa kwa mfuko. Mfuko ulioachwa mlangoni unalipa sawa na ule uliobebwa hadi mbele, sasa aubebe mbele kwa nini? Aliyepanga malipo hayo hajawahi kupanda juu ya lori lake. Yuko ofisini chini ya feni, anapokea simu za watu wasio na subira.

Karatasi ya ukaguzi niliiona baadaye. Ina saini tatu nzuri kabisa, na imeandikwa kwamba mzigo ulikaguliwa saa mbili asubuhi. Simenti ilifika kutoka Hima saa tano. Gharama ya safari ya pili tumetozwa sisi wenye mizigo.