Mwavuli wa Kalundu

Chini ya mwavuli mmoja pale Kalundu, Uvira, nchini Kongo, utamkuta mbadilisha pesa na vibunda vyake vya faranga za Kongo na za Burundi, muuza salio la simu, na kijana wa kuchaji betri. Wote wanachangia mafuta ya jenereta moja. Mama wa ndagala kando yao hutoa umbeya bila malipo.

Kule New York, wazo hilo hilo la kugawana nafasi lilikuwa biashara kubwa: kampuni ya WeWork ilipanga majengo, ikayapangisha tena kiti kwa kiti, ikajiita kampuni ya teknolojia. Mwanzoni mwa 2019 ikathaminiwa dola bilioni 47. Novemba 2023 ikakimbilia mahakamani kujikinga na wadai.

Mwenye mwavuli hajathaminiwa na benki yoyote. Anayemthamini ni mtoza ushuru, kila asubuhi, na risiti haachi.